Kibanja cha babu kimeuzwa, sasa nalima kwenye gemu usiku kucha

Anti shikamoo.

Naomba jina langu usilitaje. Nina miaka 28, naishi Mwanza, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa miaka miwili na nusu. Najua barua nyingi unazopata ni za michepuko na mawifi, yangu ni ya gemu, ya kwenye kompyuta, na nimeifuta mara mbili kabla ya kuituma maana naona mtu mzima kuandikia watu habari za gemu ni aibu, ila juzi kimetokea kitu na tangu hapo sina amani.

Nianzie nyuma kidogo. Mimi nimelelewa na babu mzaa baba, Muleba kule Kagera. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, mama akaja kuolewa kwingine, nikabaki na babu kwenye kibanja chake. Kwa asiyejua, kibanja ni migomba iliyozunguka nyumba, kahawa zimechanganyika humo humo, maharage chini, na makaburi ya wazee wako pembeni. Mimi ndo nilikuwa mtu wake wa shamba. Nikitoka shule natupa begi naenda kumfuata. Alinifundisha kukata ua dume la mgomba kwa mti wenye panda, unalizungusha mpaka linakatika, sio kwa kisu, maana kisu kinabeba mnyauko kutoka mgomba huu kupeleka ule. Alinifundisha kuanika kahawa, na mvua ikianza tunakimbia wote wawili kukunja jamvi, mzee wa miaka sabini na kitu na mtoto wa miaka kumi, tunacheka. Wageni wakija ananituma nilete kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, afu anawaambia huyu ndo mwenye kibanja, mimi namsaidia tu.

Babu alifariki 2023. Nilipigiwa simu usiku, asubuhi na mapema nikapanda basi, kwenye kuvuka ziwa tukakaa sana, nafika jioni wameshazika. Udongo bado mbichi, watu wanakula. Nikaambiwa isingewezekana kungoja. Anti mimi sikulia. Niliweka mkoba chini nikaanza kuosha masufuria, kila mtu akasema huyu binti ana moyo. Nikarudi Mwanza kazini. Baada ya miezi kama saba ndo nasikia kibanja kimeuzwa, baba wadogo wamegawana hela, na nilipopiga simu kuuliza nikajibiwa wewe umeolewa una kwako, unataka nini huku. Napo sikulia.

Sasa mdogo wa mume wangu yuko chuo, alikuja likizo mwaka jana akaniwekea gemu kwenye laptopu ya zamani ya mume wangu, akasema shemeji hii utaipenda haina kupigana. Inaitwa Stardew Valley. Nafungua, kitu cha kwanza kabisa ni babu amelala kitandani, mzee mwenye ndevu nyeupe, anakupa bahasha, anakwambia usiifungue sasa, utaifungua siku maisha yakikuelemea. Afu wanakuonyesha uko ofisini umeinamia kompyuta, unavuta droo, bahasha iko pale, unaifungua, babu amekuachia shamba. Nilifunga laptopu nikaenda kukaa bafuni.

Kesho yake nikarudi. Na kesho yake. Sa hivi nina miezi tisa. Mtoto akilala na mume wangu akilala mimi nawasha. Nafyeka majani, nang'oa visiki, namwagilia, nimepata mpaka mbegu za kahawa nimepanda mistari mitatu mbele ya nyumba kama alivyokuwa amepanda babu. Kule hakuna mnyauko. Hakuna anayeuza. Ukimsalimia mtu kila siku na kumpelekea zawadi anakupenda, basi, ndivyo ilivyo, hakuna anayekuzunguka. Muziki wake tu ukianza mabega yangu yanashuka, sijui nikueleze vipi, ni kama mtu amenitua ndoo kichwani.

Ila kuna kitu sijamwambia mtu. Kwenye hiyo gemu, ukianza mwaka wa tatu, babu anakuja. Mzimu wake unakuja usiku kukwambia umelitunzaje shamba, unawashiwa mishumaa, ukifanya vizuri sana ni minne. Mimi nimeshafika mwisho wa mwaka wa pili mara tatu. Na mara zote tatu nikikaribia naacha lile shamba naanza jingine upya. Siwezi. Sijui ninachoogopa.

Sasa la juzi. Mtoto alikuwa na homa toka mchana. Usiku kama saa saba akaanza kulia, mimi niko sebuleni nalima, na hii gemu haisevu mpaka mtu wako aende akalale kitandani, ndo siku inahesabika. Nikasema ngoja nimalize siku. Nikamaliza kumwagilia, nikavuna, nikauza, ndo nikalala kwenye gemu, ndo nikaenda. Zilikuwa kama dakika kumi. Nilimkuta mume wangu ameshaamka amembeba, mtoto anaungua, ananiangalia. Hakusema kitu usiku ule. Na ningeweza kuisimamisha tu Anti, kubonyeza kitufe kimoja, gemu inasubiri. Nilijua hilo na sikufanya.

Asubuhi akaniambia futa hiyo kitu au nitaifuta mimi, unaishi na watu wa katuni sisi tupo hapa. Ni mwanaume mwema, hanipigi, hanitukani, ndo maana imeniuma. Nimekaa mbele ya laptopu mara nyingi nataka kufuta, nikifika pale nahisi kama ndo nauza kibanja mara ya pili, na safari hii muuzaji ni mimi.

Anti, nimeshakuwa teja wa gemu? Au nimechanganyikiwa? Nifute?

Binti wa Muleba, Mwanza


ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, pole na msiba. Naandika hivyo leo, miaka imepita, kwa sababu nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ambapo mtu amekupa pole wewe na sijapaona. Walisema una moyo, wakakuachia masufuria. Pole mama. Umefiwa na babu aliyekuwa baba yako na mama yako, umefika kaburi limefunikwa, na kabla hujapumua na ile ardhi yake ikaenda. Hiyo ni misiba miwili na haukukalia hata mmoja.

Mimi sikuwa naijua hiyo gemu, nikamwambia mwanangu aniwekee, nimekaa nayo jioni mbili nzima kabla ya kukujibu, sikutaka kukushauri kitu nisichokiona. Nimeiona bahasha. Nimeliona lile shamba lilivyojaa mawe na magugu, mwenyekiti wao wa kijiji Lewis amekuja kunipokea, nimeachiwa pakiti ya mbegu 15 ndani ya nyumba, nimechimba, nimepanda, nimemwagilia, na baada ya siku nne zilipokomaa nilifurahi kweli, mimi mwenye umri huu. Kwaiyo sitakwambia ni katuni. Aliyeitengeneza ni Mmarekani mmoja, Eric Barone, kaitengeneza peke yake, michoro yeye, muziki yeye, miaka zaidi ya minne, ikatoka 2016, na imeshauzwa zaidi ya nakala milioni 40. Watu milioni 40 hawajapungukiwa akili, kuna kitu wanakipata mle.

Sasa nikwambie wewe unachokipata, nilivyoona mimi. Nilipoanza ile gemu waliniuliza jina langu na jina la shamba, na nichague kama ni mwanamke au mwanaume. Nikachagua mwanamke. Na babu akanipa bahasha vilevile. Nikarudi mwanzo nikachagua mwanaume, bahasha ni ileile, shamba ni lilelile. Umeona? Kule babu alikurithisha na hakuna aliyesimama kusema huyu ameolewa ana kwao. Kile ambacho babu yako alikisema mbele ya wageni, huyu ndo mwenye kibanja, ile gemu imekitimiza, na ukoo wako haukukitimiza. Mimi ningekuwa wewe na mimi ningehamia huko usiku. Ndo maana nikisikia mtu anakwambia ni mchezo wa watoto naona hajaelewa hata kidogo kinachoendelea kwenye ile sebule.

Na wala hujachanganyikiwa. Mume wangu alipofariki mimi nilifuma vitambaa. Vya kochi, vya meza, vya friji, vya redio, kila usiku mpaka saa tisa, uzi ukiisha naogopa mpaka asubuhi duka lifunguliwe. Nilipokuja kuvihesabu vilikuwa arobaini na mbili na kwangu kuna kochi moja. Mikono ilikuwa inahitaji kitu kinachotii, unavuta uzi hapa unatokea pale, kila mstari unaisha vizuri. Nyumba nzima imevurugika ila kitambaa hakivurugiki. Nikisoma unavyosema mabega yanashuka nakuelewa bila kufafanuliwa. Hakuna aliyenisema kwa sababu vitambaa ni kazi ya heshima, ukifuma usiku kucha unaitwa mama mchapakazi. Lakini mwanangu wa kwanza ndo aliyekuwa anawapikia wadogo zake uji asubuhi maana mimi nilikuwa nimelala na sindano mkononi. Kwaiyo lisikupite hili, kimbilio linaweza kuwa zuri na bado likamgharimu mtoto.

Twende kwa mtoto basi, nisikufiche. Zile dakika kumi zilikuwa kosa. Mtoto mwenye homa usiku wa manane hangojei shamba limwagiliwe, mtoto wa umri huo akipanda joto sana anaweza kupata degedege, unajua mwenyewe. Umejua ulikosea, umeandika bila kujitetea, na mimi sikuongezei mzigo juu ya huo. Ila naomba ulichukulie kama taarifa. Umeuliza kama umekuwa teja. Shirika la Afya Duniani wameliweka tatizo la gemu kwenye orodha yao ya magonjwa, ile ya ICD-11 iliyoanza kutumika Januari 2022, na hawaangalii unacheza masaa mangapi. Wanaangalia kama umeshindwa kujizuia, kama gemu imepanda juu ya mambo mengine yote ya maisha, na kama unaendelea hata ukiona inakuharibia, na kwa kawaida iwe imekaa hivyo kama miezi 12. Wewe una miezi tisa, kazini unaenda, mtoto unamlea, na usiku mmoja ulioteleza umekutoa usingizi mpaka ukaandika barua. Sikuiti teja. Ila ule usiku uko kwenye njia inayoelekea huko, na hiyo lazima uijue.

Na kuna mtego mmoja kwenye ile gemu nimeuona kwa macho yangu. Siku yao moja ni kama robo saa ya kwetu. Inaanza saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa nane usiku kama hujalala mtu wako anaanguka chini anazimia na hela zinapotea. Na kama ulivyosema haisevu mpaka ulale. Sasa ukiamka unakuta kuna kitu kimeota, unasema nimwagilie tu hiki, ikiisha unasema siku moja tu, robo saa si kitu, na robo saa kumi na sita ni masaa manne ya usiku wa mwanamke mwenye mtoto na kazi asubuhi. Mimi mwenyewe jioni ya pili nilikuja kushtuka chai imepoa na ngozi ya maziwa imeganda juu. Kwaiyo usijipangie masaa, masaa utayadanganya, jipangie siku za kule. Siku nne, ukilala ya nne unafunga, na laptopu inahamia chumbani kwenu mnakolala na mlango wa mtoto uko wazi. Akilia unabonyeza kusimamisha unainuka. Ukishindwa hilo mara ya pili, usiniandikie mimi, nenda hospitali ya Bugando, kuna kitengo cha afya ya akili pale, waeleze na msiba na gemu vyote pamoja. Nenda pia kama usingizi umekataa kabisa, chakula hakipiti, au unajikuta unawaza heri usingekuwepo. Huko huendi kwa sababu una kichaa, unaenda kama unavyompeleka mtoto na homa.

Sasa kile ulichoniambia hujamwambia mtu.

Mashamba matatu mwanangu. Umelima miaka miwili ya kule mara tatu, ukifika mlangoni kwa babu unageuka. Nimelifikiria hili siku nzima nikiwa napika, na nakwambia ninavyoona, kama nimekosea utanisahihisha. Babu wa kule akija ataongea na akishaongea amemaliza, anaondoka. Na wewe hujawahi kupata kuagana na wako. Hukumuona, hukumgusa, hukutupa udongo. Maadamu hujafika mwaka wa tatu, babu bado hajaja, na kama hajaja basi bado hajaondoka. Sisi huku pwani tukifiwa kuna siku ya kuanua matanga, watu wamelala chini siku kadhaa, wamelia, wamesimulia habari za marehemu, mikeka inakunjwa, kila mtu anarudi kwake. Wewe matanga yako hayajaanuliwa kwa sababu hayakuwahi hata kutandikwa. Umekuja kuyatandika kwenye laptopu, peke yako, gizani, miezi tisa. Umeyakalia peke yako kuliko mfiwa yeyote niliyemjua.

Na kuna la pili, hukulisema lakini limejificha kwenye ile mishumaa. Unaogopa atakuhukumu. Kwamba atakuja aone kibanja kiliuzwa wewe ukiwa hai. Mama, hukukiuza wewe. Ulipiga simu kuuliza, ukanyamazishwa. Yule mzee aliyekuwa anakimbia na jamvi kwenye mvua huku anacheka hawezi kuja kukuhesabia mishumaa kwa kosa la wanawe. Na hata yule wa kwenye gemu, nimeuliza waliocheza muda mrefu, ukipata mshumaa mmoja hakufukuzi, unaweza kumwekea almasi pale kwenye mnara wake akakuangalia upya, wakati wowote, mwaka wowote. Hakuna mlango unaofungwa pale.

Kuhusu mumeo. Amekuambia unaishi na watu wa katuni, mimi naona anachosema ni njoo ukae na mimi. Kuna habari moja ya kweli ningependa umsimulie. Norway alikuwepo kijana anaitwa Mats Steen, ana ule ugonjwa wa misuli unaoitwa Duchenne, mwili ukaisha nguvu taratibu, kiti cha magurudumu, mwishoni vidole tu ndo vinatembea. Akafariki 2014 na miaka 25. Wazazi wake waliumia sana, waliamini mtoto wao ameondoka bila rafiki wala mtu aliyemjua, maana miaka yote alikuwa chumbani na gemu ya World of Warcraft, ambayo watu wanacheza pamoja mtandaoni. Wakaandika tangazo la msiba kwenye blogu yake, bila kujua kama kuna atakayesoma. Zikaanza kuingia barua pepe, moja baada ya nyingine, nchi mbalimbali, watu wanasimulia Mats alivyowasikiliza, yupo mama aliyesaidiwa na ushauri wake kumsogelea mwanae mwenyewe, na wengine walisafiri wakaja kumzika. Kwaiyo mumeo asidhani mtu akiwa ndani ya gemu yuko mahali pasipokuwepo. Ila na wewe ulione hili, Mats mle ndani alikuwa na watu. Wewe mle ndani uko na babu ambaye hajaja na wanakijiji wanaosema maneno yaleyale waliyoandikiwa. Umepata kivuli cha kukaa, hujapata mtu wa kukaa naye, na msiba unataka mtu.

Kwaiyo usifute. Mwite. Jumamosi mtoto akilala mwambie baba fulani naomba ukae hapa pembeni yangu nikuonyeshe kitu, usinijibu kitu kwanza. Anza mwanzo kabisa, umwonyeshe ule mwanzo wa kitandani na ile bahasha. Afu mwonyeshe mistari yako mitatu ya kahawa, umwambie ya babu ilikuwa imekaa hivi na hivi, nyumba hapa, makaburi pale. Mwambie habari ya mti wenye panda. Nina uhakika huyo mwanaume tangu muoane hajawahi kusikia jinsi ulivyofika jioni ile na ulichokikuta, maana ulirudi ukaenda kazini. Usishangae ukianza kulia katikati. Lia. Na kama atapenda, ile gemu inaruhusu mtu wa pili kuingia shambani mkalima wote, mdogo wake wa chuo anajua namna ya kuweka, lakini hilo ni la baadaye, la kwanza akusikilize.

La kibanja nitaligusa kwa kifupi kwa sababu mimi si mwanasheria. Uliambiwa binti aliyeolewa hana kitu, na wengi wanaamini hivyo ndo sheria. Mwaka 1990, Mahakama Kuu hapohapo Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kesi ya mama wa Kihaya, Holaria Pastory, alirithishwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza, ndugu wa ukoo akamshtaki kwamba mila hairuhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema mwanamke ana haki sawa na mwanaume. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaikataa mila inayomnyima mwanamke ardhi. Sikwambii utashinda, mjukuu ana mlolongo wake na shamba limeshaenda kwa mtu mwingine. Nakwambia uulize, kulikuwa na wosia? Kulikuwa na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama kabla ya kuuza? Tafuta msaidizi wa kisheria pale wilayani umwulize hayo mawili. Hata kama jibu litakuwa hakuna cha kufanya, utakuwa umejibiwa na mtu aliyefungua faili, na siyo na baba mdogo kwenye simu.

Ila kabla ya sheria, nenda Muleba. Nenda na mumeo na mtoto. Siku hizi kuna daraja la Kigongo-Busisi, limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, mtavuka kwa dakika chache pale ulipokaa ukihesabu muda siku ya msiba. Najua utavuka unalia, mumeo ajue mapema akae dirishani na mtoto akuachie nafasi. Mtafute huyo aliyenunua, mwende na sukari na sabuni kama wageni, mwambie mimi ni mjukuu wa mzee, nimekuja kusalimia kaburi. Sijawahi kuona mtu wa kijijini aliyekataa hilo. Ukifika pale kaa chini. Usioshe chombo cha mtu yeyote siku hiyo. Mwambie babu yaliyotokea kwa sauti, kuchelewa njiani, mtoto, simu uliyopiga, mpaka habari za gemu mwambie, na mtoto mwonyeshe.

Ukimaliza muombe mwenye shamba chipukizi moja la mgomba na miche miwili ya kahawa kama ipo. Atakupa. Mwanza udongo sio wa Kagera na mvua sio ile, lakini mgomba mmoja nyuma ya bafu unapomwagika maji unakaa. Chagua mwenyewe, usimwachie mtu. Kata kidogo uangalie kama kuna ule utomvu wa njano, chunguza majani ya mama yake kama yananyauka, na kama una wasiwasi na mgomba mmoja hamia mwingine, na usitumie kisu kilichotoka kukata mwingine kabla hakijapitishwa kwenye moto. Hayo unayajua wewe kuliko mimi, nimejifunza kwenye barua yako.

Ukirudi, usianze shamba la nne. Fungua lile la tatu, lala ile siku ya mwisho ya mwaka wa pili, mumeo akiwa hapo pembeni. Afu uniandikie babu amesema nini.

Anti